Nani Mwenye Ufunguo? Serikali ya Jiji la Nairobi na Malezi ya Sanaa

Utangulizi

Wahakiki wa tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya wamezoea kuanza na matini. Huchukua kitabu, hutaja mwaka wa kuchapishwa kwake, kisha huingia moja kwa moja katika maudhui na fani. Ni nadra mno kwa mhakiki kuuliza mchezo husika uliigiziwa wapi, jengo lilikuwa la nani, na kibali cha kuuonyesha kilitiwa sahihi katika ofisi gani. Makala haya yanauliza maswali hayo kuhusu mji mmoja, yaani Nairobi. Tunadai kwamba mamlaka za mji huu, tangu enzi ya ukoloni, zimeilea sanaa kwa kuipa pa kukaa na ruhusa ya kukaa hapo, wala si kwa kuitengea fungu linalolindwa na sheria. Jambo hili, ambalo kwa mtazamo wa juu juu huonekana kuwa la kiutawala tu, limechangia kuamua lugha ya sanaa yenyewe, na hata kuamua kama mchezo utakuwa wa kutazamwa au wa kusomwa.

Iko miji ambayo kazi hii imekabidhiwa chombo maalum. Tume ya sanaa ya San Francisco, mathalani, iliundwa kwa katiba ya mji huo ya mwaka 1932. Mwaka 1969 ilipitishwa kanuni kwamba asilimia 2 ya gharama ya ujenzi wa majengo ya umma itengwe kwa kazi za sanaa. Tunautaja mfano huu kwa sababu moja tu: pale, msanii anapokwenda kuomba msaada, anadai kitu kilichokwisha kuandikwa. Nairobi haina mazoea hayo. (Ni kweli kwamba iliwahi kuwa na tume. Baraza la Jiji lilivunjwa mwaka 1983, na hadi 1992 jiji likaendeshwa na tume iliyoteuliwa na serikali kuu. Lakini hiyo ilikuwa tume ya kulishika jiji. Sanaa haikuwa shughuli yake.)

Vibali na rafu za vitabu

Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka 1899. Waswahili waliofuata reli, jeshi na biashara walianzisha vijiji vyao pembezoni mwa mji: Pangani, Mombasa, Maskini. Wakaja na ngoma zao. Ranger, katika utafiti wake wa mwaka 1975, ameonyesha jinsi beni ilivyosafiri kutoka pwani hadi bara, ikiigiza gwaride la wakoloni na papo hapo ikilidhihaki. Jambo linalotuhusu hapa ni jibu la mamlaka. Kanuni za miji za enzi hiyo ziliichukulia ngoma kama zilivyouchukulia ulevi na makelele: ni jambo la kuombewa ruhusa. Kwa hiyo, hati ya kwanza iliyouunganisha mji na sanaa ya Mwafrika ilikuwa kibali, na aliyekitoa hakuwa mtu wa utamaduni bali mtu wa usalama. Vijiji vyenyewe vilibomolewa kimoja baada ya kingine, Pangani ikiwa ya mwisho mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wengi wakahamishiwa Pumwani na Shauri Moyo.

Kwa upande wa pili wa mji mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1931 ilifunguliwa Maktaba ya McMillan, jengo lenye nguzo ndefu na simba wawili wa mawe mlangoni, lililojengwa na mjane wa mlowezi McMillan kwa kumbukumbu ya mumewe, kwa msaada wa wakfu wa Carnegie. Mwaka 1938 maktaba hiyo ikapewa sheria yake. Kwa takriban miongo mitatu ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliyejua kusoma angeweza kupita mbele ya wale simba kila siku akienda kazini asiingie ndani hata mara moja. Baraza la Jiji lilipoichukua mwaka 1962 na kuifungulia umma, lilirithi rafu zilizokwisha kujazwa. Hapa pana nukta ambayo wanahistoria wa vitabu hawana budi kuizingatia: mlango unaweza kufunguliwa kwa siku moja, ilhali rafu huchukua muda mrefu zaidi kubadilika.

Kaloleni, 1950

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya mji ilijenga mitaa mipya ya Waafrika upande wa mashariki, na Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ndiyo iliyosifiwa zaidi. Katikati ya mtaa uliwekwa ukumbi. Nia ya watawala haikufichwa: Mwafrika wa mjini apewe mahali pa kupitishia wakati, acheze dansi, atazame sinema, asikilize mihadhara ya usafi, ili asipate nafasi ya siasa. Ulikuwa msaada wa sanaa, ndiyo, lakini msaada wenye kusudi la kutuliza.

Watu wa Kaloleni waliupokea ukumbi huo wakaupa kazi nyingine. Nairobi ilitunukiwa hati ya kuwa jiji tarehe 30 Machi 1950, kwa sherehe ambazo vyama vya wafanyakazi vilizisusia. Siku ishirini na nne baadaye, tarehe 23 Aprili, chama cha Kenya African Union na kile cha Wahindi walifanya mkutano wa pamoja katika Ukumbi wa Kaloleni, na humo Makhan Singh akatoa hoja ya kudai uhuru kamili. Mwezi uliofuata yeye na Fred Kubai walikamatwa, na mgomo mkuu ukafuata.

Wanahistoria wa siasa wanaijua tarehe hiyo. Sisi wa fasihi hatujaishughulikia, na nadhani tumekosea. Ukumbi uliojengwa kwa ajili ya burudani uligeuzwa kuwa baraza, na hotuba ni utanzu wa fasihi simulizi. Ukweli kwamba dai la uhuru kamili lilitolewa mbele ya hadhira ndani ya jengo la burudani lililojengwa na mji unatuonyesha kuwa anayejenga ukumbi hawezi kuyatawala yote yatakayotendeka ndani. Kinachomsalia ni ufunguo, na tutaona jinsi ulivyotumiwa baadaye.

Michezo ya wanafunzi na ukumbi wa mji wa pili

Hapa yatubidi tutoke Nairobi kidogo, kwa sababu tamthilia ya Kiswahili ya Kenya iliingia katika kumbi za miji kupitia shule. Katika miaka ya 1950 wanafunzi wa Alliance, Kikuyu, shule iliyojulikana kwa maonyesho ya Shakespeare, walianza kutunga michezo yao wenyewe kwa Kiswahili. Henry Kuria, Kimani Nyoike, Gerishon Ngugi na B. M. Kurutu ndio wanaotajwa aghalabu. Wakati huohuo Graham Hyslop, afisa wa serikali ya kikoloni aliyeshughulikia muziki na drama, alikuwa akiandika michezo ya Kiswahili kama Afadhali Mchawi na kuihimiza. Nakupenda, Lakini... ya Kuria ilichapishwa mwaka 1957, na ndiyo ambayo wengi huihesabu kuwa miongoni mwa tamthilia za kwanza za Kiswahili zilizochapishwa na mwandishi Mwafrika.

Michezo hii haikubaki shuleni. Ngugi wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind (1986), anakumbusha kwamba harakati hiyo ilipata maskani katika ukumbi wa jamii wa Menengai mjini Nakuru. Wahakiki wameilaumu michezo hiyo kwa uchache wa siasa, maana ni michezo ya mahari, ulevi, ushirikina na vijana waliopotelea mjini, iliyotungwa wakati nchi imo katika hali ya hatari. Lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo tusisahau mahali. Ukumbi wa aina hiyo ulikuwa na hadhira ya makabila mengi isiyo na lugha nyingine ya pamoja, na mtunzi aliyetaka kucheka nayo hakuwa na budi kuandika kwa Kiswahili. Isitoshe, ukumbi huohuo ulikuwa chini ya macho ya mamlaka, na mtunzi aliyetaka kuruhusiwa tena mwezi ujao hakuwa na budi kuchagua dhamira isiyomkera mwenye ufunguo. Lugha na dhamira, ambazo uhakiki wetu huzitenganisha katika sura mbili, zilitokana na jengo moja.

Mkabala wa Norfolk

Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza lilifunguliwa Nairobi mwezi Novemba 1952, wiki chache tu baada ya kutangazwa kwa hali ya hatari. Limesimama mkabala wa hoteli ya Norfolk, karibu na pale ambapo mwezi Machi 1922 umati uliodai kuachiliwa kwa Harry Thuku ulipigwa risasi. Kisheria jumba hili halikuwa mali ya Baraza la Jiji. Lilikuwa chini ya kituo cha utamaduni kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1951. Lakini katika ramani ya sanaa ya Nairobi ndilo lililokuwa kileleni, na kumbi za mitaa ya mashariki zikawa bondeni. Kileleni palisikika Kiingereza. Bondeni palisikika Kiswahili na lugha nyingine za Waafrika. Mgawanyo huu haukuandikwa katika sheria yoyote. Ulitokana na kodi ya ukumbi, desturi ya kuandikisha siku mapema na muundo wa halmashauri.

Uhuru haukuugeuza mgawanyo huo upesi. Mwaka 1976, The Trial of Dedan Kimathi ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga ziliteuliwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC mjini Lagos. Zilipotakiwa kuonyeshwa nyumbani kwanza, mwezi Oktoba, waandalizi waligundua kwamba siku nyingi zilikuwa zimekwisha kutolewa kwa maonyesho ya kigeni. Zikapewa siku chache. Mabishano yaliyofuata yanasimuliwa kwa kirefu na Ngugi katika Penpoints, Gunpoints, and Dreams (1998), na msomaji atayapata huko. Kwa mahitaji yetu latosha jambo moja: hakuna aliyeipiga marufuku michezo hiyo. Silaha iliyotumiwa ilikuwa kalenda.

Mwaka uliofuata kibali kilitumiwa waziwazi. Ngaahika Ndeenda, iliyotungwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii pamoja na wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, ilianza kuonyeshwa mwezi Oktoba 1977 katika ukumbi wa wazi ambao wanakijiji walijijengea wenyewe. Tarehe 16 Novemba leseni iliondolewa na utawala wa wilaya. Wanakijiji hawakuwa wamekodi ukumbi wa mtu, na hili ni la kuzingatiwa: palipokosekana mwenye ufunguo, mamlaka yalihitaji karatasi. Mwaka 1982 kundi hilohilo lilitaka kuuleta mchezo mwingine, Maitu Njugira, katika Jumba la Kitaifa, likakuta milango imefungwa. Mazoezi yakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi nayo yakasimamishwa, na mwezi Machi ukumbi wa Kamirithu ukabomolewa.

Sasa tutazame tarehe za uchapishaji. Mzalendo Kimathi, tafsiri ya Kiswahili ya mchezo ulionyimwa siku, ilichapishwa mwaka 1978. Nitaolewa Nikipenda, tafsiri ya Kiswahili ya Ngaahika Ndeenda, ilichapishwa mwaka 1982, mwaka uleule wa milango kufungwa. Yaani, jukwaa lilipokuwa likinyamazishwa, kitabu kiliendelea kuruhusiwa. Natambua kwamba wachapishaji walikuwa na sababu zao, za kibiashara na za kiitikadi, na sidai kwamba kufungwa kwa jumba ndiko kulikozaa tafsiri hizo. Ninachodai ni kwamba Kiswahili kiliipokea michezo hii kikiwa lugha ya kitabu wakati ambapo hakikuweza kuipokea kikiwa lugha ya jukwaa. Tumezoea kusikia kwamba tamthilia ya Kiswahili ya Kenya ni ya kusomwa zaidi kuliko kuigizwa, na lawama huelekezwa kwa watunzi wasiojua jukwaa. Kabla ya kuwalaumu watunzi, ingefaa kuuliza jukwaa hilo lilikuwa wazi kwa nani.

Mstahiki Meya na hadhira yake

Miongo mitatu baadaye fasihi yenyewe ililigeukia jumba la jiji. Katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege (2009), mji wa Cheneo unaoza: taka zimerundikana, dawa hakuna, wafanyakazi wanagoma, ilhali Meya Sosi anashughulikia mapokezi ya wageni. Tamthilia hiyo iliteuliwa kuwa kitabu cha kutahiniwa katika shule za upili. Kwa miaka kadhaa, basi, vijana wa Kenya walifundishwa kuihakiki serikali ya mji wakiwa wameketi madawatini. Wahakiki wengi wameisoma kama tamthilia ya uongozi mbaya kwa jumla, na usomaji huo si wa makosa. Lakini Cheneo si taifa, ni mji, na Sosi hafananishwi na rais ila kwa kulazimisha. Mamlaka yake ni ya mji: taka, zahanati, mishahara ya wafanyakazi wa baraza. Burudani zinazopangwa kwa ajili ya wageni nazo zinaingia katika orodha hiyo. Katika mji huo sanaa ina nafasi ikiwa ni ya kumpokea mgeni.

Vikundi vya kuigiza vitabu vya mtihani viliibeba tamthilia hii, kama nyingine zilizoitangulia, hadi kwenye kumbi na mabwalo ya shule. Hivyo tamthilia ya Kiswahili ilirudi jukwaani, lakini ilirudi kwa tikiti ya Baraza la Mitihani. Mtunzi ambaye kazi yake haikuteuliwa hakuwa na kundi wala ukumbi.

Mwenyewe nakumbuka, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, tulivyoahidiwa ukumbi wa baraza la mji mmoja, ambao sitautaja, kwa onyesho la Jumamosi. Tulifika na mizigo yetu ya mavazi tukakuta harusi. Mtunza ukumbi hakuwa mtu mbaya. Alitufungulia daftari lake akatuonyesha: wenye harusi walikuwa na nambari ya risiti. Barua yetu, yenye muhuri wa idara, ilikuwa imebandikwa kwa gundi kwenye ukurasa uleule, haina nambari. Tuliigiza nje, chini ya mwembe, mbele ya wageni wa harusi waliotoka kupunga upepo, na nadhani ndiyo hadhira bora tuliyowahi kupata.

Kaunti na orodha yake

Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha mambo kwenye karatasi. Ibara ya 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, mameya wakaondoka na shughuli za utamaduni zikakabidhiwa kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne. Inafaa kuisoma sehemu hiyo ya jedwali kama tunavyoisoma matini. Utamaduni umewekwa katika kifungu kimoja na burudani za umma, na orodha inaanza hivi: kamari na kasino, mashindano ya mbio, leseni za pombe. Kisha zinafuata sinema, maonyesho na ukodishaji wa video, maktaba, makumbusho, michezo na shughuli za kitamaduni, bustani na fuo. Ukumbi wa michezo ya kuigiza haukutajwa kwa jina. Ukodishaji wa video umetajwa. Mtu aliyezisoma kanuni za miji za enzi ya ngoma ataitambua familia ambamo sanaa imeorodheshwa: ni ileile ya ulevi na makelele, ya mambo yanayohitaji leseni.

Tangu hapo mengi mazuri yaliyofanyika Nairobi yamefanywa na watu walioomba ufunguo. Jumba la Kitaifa lilikarabatiwa kwa msaada wa kampuni ya pombe na kufunguliwa upya mwaka 2015. Mwaka 2022 Ngaahika Ndeenda ikaonyeshwa humo kwa Kikuyu na Kiingereza, miaka arobaini baada ya Maitu Njugira kukuta milango imefungwa. Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki mwezi Mei 2025, aliishi kuliona hilo. Kituo cha GoDown, kilichoanzishwa mwaka 2003 katika eneo la viwanda, kilianza katika ghala, wala si katika jengo la jiji. Mwaka 2018 shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilitia sahihi makubaliano na Kaunti ya Nairobi ya kukarabati Maktaba ya McMillan na matawi yake mawili ya Makadara na Kaloleni. Matawi hayo yakakarabatiwa kwanza, na fedha zikatafutwa na shirika. Kaunti ilibaki na majengo.

Mpango huu umesifiwa, na unastahili sifa. Lakini ni muhimu tuutambue kwa sura yake halisi. Ni uleule wa tangu zamani: mji unatoa mahali, mwingine anatafuta fungu, na makubaliano yana mwisho wake. Yaliyobadilika ni mawili, nayo si madogo. Rafu sasa zinajazwa na watu wanaozijua lugha za wasomaji, na mhusika wa upande wa pili wa mkataba ni Mkenya.

Tawi la Kaloleni liko karibu na ule ukumbi wa 1950. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuanzia hapo, akiwa na orodha ya michezo ya Kiswahili mkononi, na kutafuta daftari za kukodisha kumbi za mitaa ya mashariki tangu miaka ya 1940: nani aliandikishwa, kwa siku gani, kwa ada gani, na nani aliyekatwa jina kwa wino mwekundu. Ofisi za serikali hutupa daftari za aina hiyo zikishajaa. Wazee waliozijaza, wale watunza ukumbi, bado wapo wachache, na wangehojiwa mwaka huu.